Bwawa lisilochimbiwa halikai popote

Wengi hudhani bwawa la kuogelea la juu ya ardhi huwekwa popote uani, mradi nafasi ipo. Si kweli. Lita moja ya maji ni kilo moja: bwawa la duara lenye upana wa mita 4, maji yakifika mita 1, hubeba tani 12 na nusu hivi. Mchanga wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, uliojazwa juzi hutitia upande mmoja, na ukuta wa upande huo ndio unaoelemewa. Laza ubao mnyoofu, weka pimamaji juu yake, zunguka eneo zima. Palipoinuka pachongwe, usijaze udongo palipo chini. Na tafadhali, lisikae kamwe juu ya shimo la maji taka. Mfuniko ukivunjika, watoto ndio wamo ndani.