Je, wajua kwa nini jani na mzizi wa mti mmoja wa kale vina majina tofauti?

Ukiokota Lubumbashi jiwe lenye michoro myeusi kama vitawi, usikimbilie kusema ni alama ya mmea wa kale. Mawe yenye shaba ya hapa yana zaidi ya miaka milioni 500, na wakati huo nchi kavu haikuwa na miti. Michoro hiyo kwa kawaida ni oksidi ya manganizi iliyoletwa na maji kwenye ufa. Itazame kwa kioo kinachokuza mara 10: inatawanyika ovyo, haina mshipa wa kati wala ukingo wa jani.

Mimea yenyewe imo kwenye matabaka yenye makaa ya mawe ya Lukuga, karibu na Kalemie kando ya Ziwa Tanganyika, ya enzi ya Permi (miaka milioni 299 hadi 252 iliyopita). Hasa utakuta Glossopteris, ndio mti wetu wa kale, jina alilolipa jani lake mtaalamu wa mimea Mfaransa, Brongniart, mwaka 1828. Mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu, mishipa itoe kivuli. Ukiona jani refu lenye mshipa mnene wa kati na mishipa midogo iliyosukwa wavu hadi ukingoni, ndilo hilo. Wavu upo lakini mshipa wa kati haupo? Hilo ni Gangamopteris, jani la mmea mwingine wa kale.

Mzizi wa Glossopteris unaitwa Vertebraria. Jani lilianguka huku, mbegu zikasombwa na mto, mzizi ukabaki topeni. Aliyechimba alikipa jina kile tu alichokishika. Kuunganisha vipande huhitaji jiwe lenye viungo viwili vya mmea vilivyoshikana bado, na mawe hayo ni adimu mno. Mwaka 1952 Edna Plumstead, mtafiti wa mimea ya kale, alieleza viungo vya uzazi vilivyoshikamana na majani ya Glossopteris kutoka Vereeniging, Afrika Kusini. Umbo la jani pekee hudanganya: mimea mingi ya enzi hizo yenye majani ya kangaga ilizaa mbegu.

Jiwe likipasuka, weka pande zote mbili. Mara nyingi mishipa imebaki upande mmoja na utando wa kaboni upande wa pili. Usilioshe, maana tope lililogeuka jiwe hunywa maji na kumomonyoka. Vanishi nayo huziba utando ambao maabara ingeuchunguza seli zake. Andika mahali na tabaka la mwamba ulikolitoa siku hiyohiyo. Kama ncha na kitako cha jani vimekatika, andika jenasi tu (mfano Glossopteris), spishi, yaani aina yenyewe ndani ya jenasi, uiache wazi: majani ya mti mmoja hutofautiana sana kwa ukubwa na umbo.