Je, pengo la atomi moja ndani ya metali huonekanaje?

Chukua waya, ukunje na kuukunjua palepale mara kadhaa. Mara ya kwanza unatii. Mara ya tano umekaza, na punde unakatika mkononi. Kwa macho huoni kilichobadilika, kwa sababu mabadiliko yako kwenye mpangilio wa atomi: safu zimehama, na hapa na pale atomi imeondoka ikaacha pengo lisilofikia hata sehemu moja ya bilioni ya mita. Utaonaje kitu ambacho hakipo?

Wanafizikia hutuma positroni ikalitafute. Positroni ni pacha wa elektroni: uzito uleule, ila chaji yake ni chanya badala ya hasi. Paul Dirac aliitabiri kwa hesabu mwaka 1931, na mwaka uliofuata Carl Anderson akaona njia yake kwenye picha alizopiga California. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na hapo hutoka miali miwili ya gama inayokimbilia pande tofauti, kila mmoja ukiwa na nishati ya kiloelektroni-volti 511. Kipimo cha PET hospitalini, kinachopiga picha za ndani ya mwili, hutegemea miali hiyohiyo.

Siri iko kwenye chaji. Viini vya atomi navyo ni chanya, kwa hiyo positroni inapozurura ndani ya metali husukumwa kila upande. Ikifika penye pengo, hakuna kiini cha kuifukuza, basi inanasa humo kama maji yaliyofika shimoni. Tena humo elektroni ni chache, hivyo inakawia kumpata wa kufa naye. Kukawia huko ndiko kunakopimwa.

Namna ya kupima inanivutia kwa urahisi wake. Tone la chumvi yenye sodiamu-22, aina ya sodiamu yenye mnururisho inayotoa positroni, hukaushwa juu ya utando mwembamba, likafunikwa, kisha likabanwa kati ya vipande viwili vya metali ileile, kama nyama katikati ya mkate. Sodiamu-22 inapotoa positroni, karibu papo hapo hutoa pia mwali wa gama wa kiloelektroni-volti 1,275. Mwali huo huanzisha saa. Ule wa 511 ukitokea, saa inasimama. Hesabu hiyo hurudiwa mamilioni ya mara.

Ndani ya aluminiamu isiyo na dosari, positroni huishi takriban pikosekunde 165, na pikosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara trilioni. Ikinaswa kwenye pengo la atomi moja, huishi takriban 245. Tofauti hiyo inatosha kugundua hata pengo moja kati ya atomi milioni moja!

Kwenye vinu vya nyuklia jambo hili ni zito. Neutroni huzigonga atomi za chuma cha tangi miaka nenda miaka rudi, zinang'oka, mapengo yanaungana, na chuma kinazidi kuwa rahisi kupasuka. Positroni huyanasa mapengo hayo yakiwa bado machanga.

Kwenye plastiki huwa na tabia nyingine. Hushikana na elektroni moja, zikazungukana kama kiatomi kiitwacho positroniamu, na kijitundu kinapokuwa kikubwa ndivyo kiatomi hicho kinavyoishi zaidi, hadi nanosekunde kadhaa, na nanosekunde moja ni pikosekunde elfu. Kwa njia hiyo watafiti hupima vijitundu vya tando zinazochuja chumvi kwenye maji ya bahari, maana ukubwa wake unachangia sana maji kupita na chumvi kubaki.