Guashi: rangi ya maji inayofunika

Guashi ni rangi ya maji isiyopitisha mwanga. Ina unga wa rangi, maji, na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, kama rangi nyingine za maji, ila unga wake ni mwingi zaidi, na watengenezaji wengine huongeza chaki. Ndiyo maana weupe wa karatasi hauonekani chini yake. Ikikauka haing'ai, hutulia kama ukuta uliopakwa chokaa.

Uzuri wake unaonekana wazi kwa Mmarekani Alexander Calder (1898–1976). Wengi humjua kwa sanamu za bati na waya zinazoning'inia na kuzunguka kwa upepo, lakini kuanzia 1953, alipokuwa Ufaransa, alichora guashi kwa wingi: miduara, hilali, pembetatu, misokoto kama ya ganda la konokono, mara nyingi kwa nyekundu, njano, buluu na nyeusi. Ni sanaa dhahania: duara jekundu halina kivuli wala halilazimiki kuwa jua. Ni michoro yenye furaha ya mtoto, lakini si ya kubahatisha. Calder alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1919, na hata kwenye karatasi utaona doa dogo jekundu likipimana uzito na umbo kubwa jeusi.

Ukitaka kujaribu, tumia karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nyepesi hujikunja. Koroga rangi iwe kama mtindi mwepesi. Ikizidi maji, huacha michirizi. Ikizidi uzito, hupasuka inapokauka, kwa sababu tabaka nene husinyaa na gundi haitoshi kulishika.

Tabaka la pili ndilo linalowashinda wengi. Guashi iliyokauka huyeyuka tena ikiguswa na maji, hivyo njano juu ya buluu kwa brashi iliyolowa sana hugeuka kijani kichafu. Subiri ikauke kabisa, kamua brashi, pitisha mara moja, acha. Usisugue.

Jaribu pia kila rangi pembeni kwanza: zilizokoza hufifia kidogo zikikauka, na nyeupe-nyeupe hukoza.

Mchoro ukiisha, uwekee fremu yenye kioo, na ukingo wa kadi katikati ili kioo kisiguse rangi. Vikigusana na unyevu ukaingia, guashi itanata kwenye kioo na kubanduka nacho.