Je, wajua kwa nini mtu unamlilia mchezaji ambaye hata hakujui?

Asubuhi ya tarehe 3 Julai 2025 nilikuwa napiga mswaki, simu nimeiegesha pembeni ya sinki, ikaingia meseji kwenye grupu la washkaji, mtu kaandika tu "Jota kafa" bila hata nukta mwishoni. Nikajua ni uzushi maana lile grupu linaua mtu maarufu karibu kila wiki, kumbe safari hii ni kweli, Diogo Jota, yule mshambuliaji Mreno wa Liverpool, ajali ya gari, Hispania, mkoa wa Zamora, yeye na mdogo wake André Silva, siku 11 tu tangu afunge ndoa, miaka 28. Mi wala siyo shabiki wa Liverpool, na nisikudanganye, kila Jota alipokutana na timu yangu nilikuwa namwombea mguu uwe mzito. Lakini nilisimama pale na povu mdomoni kama mtu aliyepigiwa simu na nyumbani.

Sasa hapo ndo swali linapoanzia. Hakuwahi kujua kama nipo, hatukuwahi kupeana mkono, na mwaka huohuo nilishazika watu wawili ninaowafahamu kabisa kwa majina na sikuguswa vile. Inakuwaje?

Jibu la kwanza lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu kitu walichokiona kwa watazamaji wa tivii na wasikilizaji wa redio, kwamba mtu akiongea kwenye kamera kana kwamba anaongea na wewe, ukamwona leo, kesho, wiki ijayo, taratibu unaanza kumchukulia kama mtu wako. Unajua anavyocheka, unajua akikasirika anafanyaje, unaweza hata kutabiri atasema nini. Tofauti ni kwamba yeye kwako hajui chochote, ni uhusiano wa upande mmoja. Na hapa watu wengi wanakosea wakidhani hiyo ni dalili ya upweke au ya kukosa kazi ya kufanya, hapana, ni akili ya kawaida kabisa ikifanya kazi yake ya kawaida. Sura unayoiona kila wikiendi kwa miaka 5 akili haiwezi kuiweka kwenye fungu la wageni, hata ukiielezea kwamba huyo yuko kwenye kioo tu.

Ila hiyo peke yake hainitoshi, maana kuna watangazaji wa habari nimewaona kila siku miaka nenda rudi na wakistaafu sitikisiki. Mi naona siri iko kwenye vitu vidogo. Muulize mtu yeyote akusimulie kuhusu Maradona, aliyefariki tarehe 25 Novemba 2020, uone kama ataanza na idadi ya mabao. Haanzi. Atakwambia ile klipu ya Munich, Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la UEFA, timu yake ya Napoli wameenda kwa Bayern, wenzake wanapasha misuli kwa utaratibu kama askari, yeye kamba za viatu ziko wazi zinaning'inia, muziki wa uwanjani unapiga Live Is Life ya kundi la Opus, na yeye anapiga danadana huku anacheza, mpira kichwani, begani, pajani, mdundo kwa mdundo. Hiyo siyo mechi bana, ni kupasha tu! Hakuna pointi pale wala kombe. Lakini ukiiangalia unahisi umemwona mtu mwenyewe, jinsi alivyokuwa akiufurahia mpira, na ndo maana inabaki.

Takwimu hazilizi mtu. Jota naye watu hawakumkumbuka kwanza kwa idadi ya mabao, walimkumbuka kwa ile staili yake ya kushangilia, anakaa chini uwanjani anajifanya kashika padi anacheza gemu. Siku kumi tu baada ya msiba Liverpool walicheza mechi ya kirafiki na Preston, Darwin Núñez akafunga, akarudia ushangiliaji wa Jota palepale, na kila aliyeona alielewa bila mtangazaji kufafanua. Halafu Agosti 15, ligi imeanza, wamewafunga Bournemouth 4-2, mechi imeisha, Mohamed Salah kabaki mbele ya Kop, lile jukwaa la mashabiki sugu wa Liverpool, mashabiki wanaimba wimbo wa Jota na yeye anafuta machozi. Ilikuwa mechi ya ushindi ile, na goli mojawapo ni lake.

Kuna jambo jingine ambalo ukilijua utajicheka kidogo. Wanasaikolojia wameona mara nyingi kwamba ukimwambia mtu mzima akumbuke maisha yake, kumbukumbu zinajazana zaidi kwenye kipindi cha kati ya miaka 10 na 30 hivi, kile kipindi cha mambo ya mara ya kwanza, rafiki wa kwanza wa kweli, mapenzi ya kwanza, hela yako ya kwanza. Sasa angalia, ni kipindi hichohicho ndo mtu anachagua timu, anachagua msanii, anakariri nyimbo mpaka anaziota. Kwa hiyo yule staa kashonwa pamoja na ujana wako na huwezi kumng'oa peke yake. Nina mjomba wangu mmoja, mtu mgumu, haongei, siku Maradona anafariki alikaa na mimi saa nzima ananisimulia Kombe la Dunia la 1986, lile bao la kuwapita Waingereza mmoja baada ya mwingine kuanzia nusu yake ya uwanja. Lakini ukimsikiliza vizuri alikuwa haongelei Maradona sana, alikuwa anaongelea alivyobanana na wenzake dirishani kwa mtu mwenye tivii, nani alikuwa kambeba nani begani, nani kati yao hayupo tena. Mabao yalikuwa kisingizio tu. Nilijua majina ya marafiki zake wa utotoni kwa sababu mtu wa Argentina kafa.

Na ndo maana vilevile kijana wa miaka 16 unaweza kumkuta anashangaa mnamlilia nini Pelé, we unakasirika, kumbe mwenzio zamu yake haijafika.

Tukija kwenye namna ya kuomboleza hapo ndo pana utamu wake, samahani kwa neno. Ndugu akifa kuna utaratibu, unajua uende wapi, ukae na nani, umpe nani pole. Staa akifa unampa nani pole? Mtaalamu mmoja wa mambo ya misiba, Kenneth Doka, kwenye kitabu chake cha 1989 aliielezea huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii haikupi ruhusa ya kuwa nayo, ukiwa nayo unaambiwa "si ndugu yako, acha kujiliza". Huzuni isiyo na pa kukaa inajitafutia pa kukaa yenyewe. Ndo unaona maua na skafu zinarundikwa nje ya uwanja, namba za jezi zinastaafishwa, watu wanapiga makofi dakika fulani ya mchezo inayofanana na namba ya marehemu. Hata kupiga makofi dakika nzima badala ya kukaa kimya kuna kisa chake, Uingereza kulizoeleka zaidi alipofariki George Best, staa wa zamani wa Manchester United, Novemba 2005, na sababu mojawapo ni ya kimtaani kabisa, ukimya wa dakika nzima unahitaji mashabiki wote elfu hamsini wawe na adabu, mmoja tu akipiga kelele kaharibu, lakini makofi yanammeza.

Alichofanya Messi ndo kimenikaa zaidi. Novemba 29, 2020, siku nne baada ya Maradona, Barcelona wanawapiga Osasuna 4-0, kipindi cha korona, uwanja wao wa Camp Nou mtupu, hakuna hata shabiki mmoja. Kafunga goli, akavua jezi, ndani kavaa jezi ya zamani ya Newell's Old Boys namba 10, timu aliyokulia yeye na Maradona aliwahi kuichezea muda mfupi, akanyanyua mikono juu kuangalia mbinguni. Refa akampa kadi ya njano. Sheria ni sheria, lakini ile picha ya mtu anamuaga mwenzie mbele ya viti vitupu halafu anaandikwa kwenye kijitabu, sijui niseme nini.

Namna mtu alivyoondoka nayo inabadilisha ladha ya kumbukumbu. Pelé alifariki Desemba 29, 2022 akiwa na miaka 82, mwili ukawekwa katikati ya uwanja wa Santos, watu zaidi ya 230,000 wakapita kuaga, na wengi walikuwa wanaimba, na miezi michache baadaye Rwanda wakaubatiza uwanja wao Kigali Pelé Stadium. Huo ni msiba wenye shibe. Sasa linganisha na Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon, miaka 28, Juni 26, 2003, Cameroon na Colombia nusu fainali ya Kombe la Mabara, dakika ya 72 anaanguka katikati ya uwanja, hakuna mtu hata aliyemgusa, moyo. Tena ilikuwa Lyon, kwenye uwanja wa klabu iliyokuwa inammiliki. Siku ya fainali wenzake waliingia na picha yake kubwa, na wakati wa kugawa medali picha ikavishwa medali. Au Christian Atsu wa Ghana, Februari 5, 2023 anaifungia klabu yake ya Uturuki, Hatayspor, bao la ushindi kwa faulo dakika za nyongeza, alfajiri yake tetemeko linaipiga Uturuki, mwili wanakuja kuupata Februari 18. Lile goli ukiliangalia sasa huwezi kuliangalia kama goli.

Watu wanalalamika eti mtu akishakufa ndo anapendwa, dhambi zote zinafutwa. Ni kweli kiasi. Maradona alikuwa na madawa, alikuwa na lile goli la mkono alilowafunga Waingereza 1986, na Waingereza wenyewe walimlilia. Ila sioni kama ni unafiki wote. Mtu akiwa hai unamngoja afanye kingine, atakuudhi kesho, atahama timu, atatoa albamu mbovu. Akiondoka hesabu inafungwa, na kwenye hesabu iliyofungwa macho yanakwenda kwenye kilichokupa raha.

Kwa wachekeshaji mambo ni ya ajabu zaidi. Mwanamuziki ukimkumbuka unaweka wimbo unasikitika vizuri tu, wimbo unakusaidia, Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan Aprili 2016 na watu wakawa wanapiga nyimbo zake huku wanalia, imeeleweka. Lakini King Majuto aliyefariki Agosti 2018 utamliliaje? Nilijaribu usiku ule. Nimefungua klipu nikiwa na huzuni zangu kabisa, nimejifunika shuka, uso wangu umekaa kimsiba, mzee hajasema hata neno, kageuza shingo tu kamwangalia mtu aliyemkopa hela, nikaanza kucheka peke yangu gizani, nikairudisha nyuma nikacheka tena, ya tatu nikaona machozi yanatoka na sikujua ni ya upande gani.