Ndani ya nukta mna nini?

“Prof, lakini mu ile nukta muko nini?”

Nilikuwa nimechora ubaoni nukta mbili na mshale kati yao, nikatangaza kwamba leo tunaanza nadharia ya kategoria, tawi la hisabati linalohusu nukta na mishale. Aliyeuliza alikaa dawati la nyuma kabisa. Nikamjibu, “Hatuulizi.” Darasa zima likacheka. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumsaidia mtu. Acha nijibu swali hilo upya hapa, kwa Kiswahili, maana darasani tunafundisha kwa Kifaransa na mara nyingi mtu hukariri neno kabla ya kulielewa.

Twende kwanza kwa makambisti, wale wabadilisha pesa. Ukipita mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, unawaona na vimeza vyao barabarani, mafungu ya faranga yamefungwa kwa mpira. Chukua sarafu tatu: dola, faranga ya Kongo, na kwacha ya Zambia, inayotuingilia kwa mpaka wa Kasumbalesa pamoja na unga wa bukari. Kila sarafu iwe nukta. Kila utaratibu wa kubadilisha pesa, hata ukipita kwa makambisti watano, uwe mshale unaotoka kwenye sarafu uliyoanza nayo na kufika kwenye ile uliyoishia nayo.

Hapo tayari una kategoria. Masharti ni machache. Mshale mmoja ukiishia pale mwingine unapoanzia, uweze kuunganisha yote miwili ukapata mshale mmoja. Kila nukta iwe na mshale wa kubaki ulipo, tunaouita utambulisho. Hapa ni kuacha dola zako mfukoni. Na ukiunganisha mishale mitatu, isiwe na tofauti kama umeanza kufunga miwili ya kwanza au miwili ya mwisho. Basi.

Muunganiko wa f kisha g tunauandika g∘f, na wanafunzi hujikwaa hapo kila mwaka kwa sababu herufi zinasomeka kinyume cha safari. Ukisoma “g baada ya f”, tatizo linakwisha. Kiswahili hapa kinatupa zawadi, tuichukue.

Sasa tuseme kambisti ananunua dola moja kwa faranga 2,450 na kuiuza kwa 2,500. Umempa dola 100, umepokea faranga 245,000. Umejuta, unarudi kununua dola zako: unapata 98. Kulikuwa na mshale wa kwenda na mshale wa kurudi, lakini kwenda-na-kurudi si sawa na kubaki ulipo. Kwa hiyo mishale hiyo miwili haitenguani, na kwa kambisti huyu hakuna mwingine wa kukurejesha: si isomofizimu. Isomofizimu ni mshale wenye mwenzake wa kurudi ambaye anakurejesha kamili, ukianzia upande wowote. Zile dola 2 ndizo ugali wa kambisti.

Au pitia kwacha. Tuseme dola moja ni kwacha 23, na kwacha moja ni faranga 105. Dola zako 100 zinakuwa kwacha 2,300, kisha faranga 241,500. Njia ya moja kwa moja ilikupa 245,000. Pembetatu yenye pembe za dola, kwacha na faranga haipatani. Mchoro unapatana pale ambapo njia zote kutoka nukta moja hadi nyingine zinatoa jibu lilelile. (Kwa kambisti, kupatana ni jambo jingine, tena linachukua muda mrefu zaidi.)

Wenye kuanzisha lugha hii ni Samuel Eilenberg, mzaliwa wa Warsaw, na Mmarekani Saunders Mac Lane, katika makala yao ya 1945. Jina la kategoria walilichukua kwa wanafalsafa, Aristotle na Kant. Kinachonifurahisha ni kwamba hawakuwa wanatafuta kategoria. Walitaka kueleza kwa usahihi maana ya neno “asilia” ambalo wanahisabati walikuwa wakilitumia kiholela. Hilo likahitaji funkta (nitazieleza hapo chini), na funkta zikahitaji kategoria.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna pesa. Nukta ziwe namba 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Weka mshale kutoka a kwenda b iwapo a inagawanya b bila baki, na usiweke zaidi ya mmoja. 3 inagawanya 6, 6 inagawanya 12, kwa hiyo 3 inagawanya 12: muunganiko upo. Kila namba inajigawanya: utambulisho upo.

Zao la A na B katika kategoria yoyote ni nukta P yenye mshale kwenda A na mshale kwenda B, na iliyo bora kuliko zote za aina hiyo: nukta X yoyote yenye mishale kwenda A na B hupata mshale mmoja tu kwenda P, na mchoro unapatana. Sasa tafuta zao la 12 na 18. Wengi hukimbilia 216. Hapana. Tunataka namba inayogawanya 12 na 18, na ambayo kila mgawanyaji wao wa pamoja (1, 2, 3, 6) anaigawanya. Ni 6. Ile PGCD, mgawanyaji mkubwa kuliko wote wa pamoja, iliyotutoa jasho shule ya msingi ni zao.

Geuza mishale yote. Sasa unatafuta namba inayogawanyika kwa 12 na kwa 18, na inayogawanya kila namba nyingine ya aina hiyo: 36, yaani PPCM, kigawe kidogo cha pamoja. Hili naliita zao kinyume. Tumia maelezo yaleyale, bila kubadili hata neno, kwenye kategoria ya seti, ambako mishale ni vitendaji, yaani kanuni zinazopeleka kila kitu cha seti moja kwenye kitu kimoja cha seti nyingine. Una mashati 3 na suruali 2: zao ni namna 6 za kuvaa, zao kinyume ni rundo la nguo 5 kitandani. Kuzidisha na kujumlisha ni maelezo mamoja, mishale imegeuzwa. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilifunga daftari nikatoka nje kutembea.

Funkta nitaipitia haraka. Ni njia ya kuhamisha kategoria moja kwenda nyingine, nukta kwa nukta na mshale kwa mshale, bila kuvunja muunganiko wala utambulisho. Chukua safari za barabara: Lubumbashi hadi Likasi, kilomita kama 120, Likasi hadi Kolwezi, kama 180. Peleka miji yote kwenye nukta moja tu, na kila safari kwenye urefu wake, uwe mshale wa nukta hiyo. Safari zikiunganishwa, urefu unajumlishwa. Kubaki nyumbani kunakwenda kwenye sifuri. Hiyo ni funkta.

Nikarudi kwa yule wa dawati la nyuma wiki iliyofuata. Kuna matokeo, yanayosema kwa ufupi kwamba mishale inayoifikia nukta inatosha kuitambulisha, yenye jina la Mjapani Nobuo Yoneda, ambaye Mac Lane alisimulia kwamba walizungumza katika kituo cha treni cha Gare du Nord, Paris. Sikuyaandika ubaoni. Nilichora nukta moja, nikaielekezea mishale sita, na kwenye mikia nikaandika 1, 2, 3, 4, 6, 12.

“Hizi ndizo namba zote zinazoigawanya,” nikamwambia. “Mu ile nukta muko nini?”

Hakunyoosha hata mkono. “Kumi na mbili, Prof.”