Sensa ya presha ya oili si feki, imefungwa vibaya

"Fundi, hizi sensa ni feki, nitafutie orijino." Kauli hii naisikia hapa Nyakato, Mwanza, kila Subaru Impreza WRX inapoingia na geji ya oili inayoyumba, na nimeichoka. Sensa nyingi tunazozitupa ni nzima. Kibovu ni ufungaji.

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi tuiweke pembeni. Swichi yake inasubiri presha ishuke karibu na sifuri ndipo iwashe. Ikiwaka ukiwa mwendo kasi, beringi zimeshaanza kuumia. Kwa gari la kukimbiza, geji ni lazima.

Sasa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Sensa ya waya mmoja hurudisha umeme kupitia thredi zake, ile mistari ya kuzungushia, kwenye bloki ya injini. Halafu mtu anazizungushia tepu nyeupe ya fundi bomba, raundi juu ya raundi, na kuniambia anazuia kuvuja! Ukinzani ukiongezeka hapo, geji inadanganya, na inadanganya kulingana na aina ya sensa. Zile za kampuni ya VDO, za kupima presha hadi bar 10, zinaanzia kama omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani) presha ikiwa sifuri, zinapanda hadi karibu 180. Ethi mbovu inaongeza omu, mshale unapanda, unaiona presha ambayo haipo. Zile za mtindo wa Marekani zinaanzia 240 na kushuka hadi 33, kwa hiyo ethi mbovu ileile inashusha mshale, nawe unanunua pampu ya oili bila sababu. Ninayoiogopa ni ile ya kwanza, maana hakuna anayekuja kuilalamikia. Mteja anaondoka na furaha yake, injini inanoki kabla hajafika Magu. Na ukichanganya sensa ya familia moja na geji ya nyingine, usiniulize kwa nini namba hazieleweki.

Vitabu vinasema tepu inakata ethi. Ukweli wa gereji ni kwamba mara nyingi ukikaza, thredi zinaichana tepu na mita ya kupimia omu inasoma vizuri kabisa. Lakini umepima injini ikiwa baridi na imezimwa. Ikipata moto na kutikisika, kipimo kile sikiamini tena. Kwa hiyo mimi nafunga waya wa ethi moja kwa moja kwenye mwili wa sensa, hata mita ikisema hauhitajiki. Kwenye thredi napaka gundi ya kuzuia kuvuja kidogo tu, mwanzo wa thredi naacha wazi isije ikaingia kwenye njia ya oili.

Thredi zenyewe: tundu la Subaru ni la kipimo cha 1/8 BSPT, thredi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Marekani ni za kipimo chao cha 1/8 NPT, thredi 27. Zinashikana mwanzoni, zinagoma, mtu anaongeza nguvu ya spana. Nunua adapta.

Kingine ni uzito. Sensa ya geji ni kopo zito. Ukilining'iniza kwenye adapta ya shaba juu ya injini inayotikisika, siku moja shingo inakatika na oili yote inabaki barabarani. Dawa ni hozi iliyosukwa kwa waya, sensa ikafungwa kwenye bodi ya gari, na hapo waya wa ethi hauna mjadala. Ila hozi nayo inaongeza viungio, na kila kiungio kinaweza kuvuja. Kwa gari la kwenda Kirumba tu, hapa hapa mjini, na kurudi, bado nasita kuifunga.

Kabla ya kununua sensa nyingine, mwambie fundi wako afunge geji ya kupimia, ile isiyotumia umeme, kwenye tundu lilelile, injini ikiwa ya moto. Nayo ikionyesha presha ndogo, zima injini na uite gari la kuvuta.