Kuunganisha vyuo vikuu hakuokoi fedha papo hapo

Kila bajeti ya serikali inapobana, hoja ile ile hurudi: unganisha vyuo vikuu vya umma, futa cheo cha mkuu mmoja, fedha zitabaki. Hesabu haiendi hivyo. Mshahara wa mkuu wa chuo ni tone tu. Fungu kubwa ni mishahara ya wahadhiri na wafanyakazi, na wanafunzi hawapungui kwa sababu nembo imebadilika.

Jimbo la Pennsylvania, Marekani, liliunganisha vyuo sita vikawa viwili Julai 2022. Kampasi zote sita zilibaki wazi, kwa hiyo mapaa ya kukarabati ni yale yale.

Mwanzoni gharama hupanda. Mifumo ya usajili na malipo lazima iwe mmoja, na kumbukumbu zihamishwe (wanafunzi wawili kukutwa na namba moja ya usajili ni kero ya kawaida). Viwango vya mishahara vikitofautiana, husawazishwa kwenda juu. Chama gani cha wafanyakazi kitakubali kushuka?

Nafuu huja miaka kadhaa baadaye, kozi pacha zinapofutwa na nafasi za wastaafu zisipojazwa. Hapo ndipo wabunge husitasita, maana kila kampasi ina wapiga kura wake.